Tehran ya Picha za Zamani: Nani Hasa Alikuwa Akiburudika?

Picha zenyewe nadhani msomaji ameshakutana nazo. Wasichana wa Tehran wa miaka ya 1970, sketi zimeishia juu ya magoti, nywele zimekatwa kwa mtindo wa mwimbaji Googoosh, wamekaa mgahawani kwenye barabara ya Pahlavi, ambayo siku hizi inaitwa Vali Asr, wanacheka na wavulana ambao si kaka zao. Wanaozisambaza ni Wairani wa Los Angeles na Toronto, lakini pia vijana walioko Iran kwenyewe, ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa Shah, yaani mfalme wa Iran, alipoondoka nchini Januari 1979. Kituo cha televisheni cha Manoto, kilichoanza kurusha matangazo kutoka London mwaka 2010, kilijipatia sehemu kubwa ya watazamaji wake kwa kanda za namna hii: nyimbo za zamani, matangazo ya biashara ya zamani, harusi, mechi za mpira.

Jibu la kuwapinga nalo limeshazoeleka. Anatokea mhadhiri au mwandishi, mara nyingi mtu makini, anasema hao walikuwa kikundi kidogo cha watu wa kaskazini mwa Tehran. Iran yenyewe ilikuwa kijijini, imejitanda chadori, haina umeme. Kisha anatoa takwimu yake aipendayo: kwa sensa ya 1976, wanawake waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama 35 tu katika kila 100, na vijijini 17. Baada ya hapo mjadala unafungwa, na aliyeisambaza picha anabaki ameshapewa jina la shabiki wa mfalme.

Nataka kuufungua tena. Wanaopinga picha hizi wako sawa katika mengi, lakini wamewasoma vibaya wanaozipenda, na takwimu yao ile ina sura ya pili ambayo sijaona wakiigeuza.

Hoja zao kwanza, maana si za kupuuzwa. Ukoo wa Pahlavi, yaani wa huyo Shah na baba yake, haukuwa mlinzi wa furaha ya mtu wa kawaida. Januari 1936 Reza Shah alipiga marufuku hijabu, na polisi wakawa wanawavua wanawake mitandio barabarani. Wapo waliojifungia majumbani kwa miaka, mpaka alipong'olewa mwaka 1941, kwa sababu kwao kutoka kichwa wazi kulikuwa sawa na kutoka uchi. Mtawala huyohuyo alizuia taaziya, yale maigizo ya msiba wa Karbala yaliyokuwa tamthilia ya mtu asiye na kitu. Mwanawe, Mohammad Reza Shah, akaleta SAVAK mwaka 1957, polisi wa siri walioingiza mkono wao hadi kwenye ushairi. Kesi ya mshairi Khosrow Golesorkhi ilionyeshwa kwenye televisheni, na Februari 1974 akapigwa risasi. Mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja.

Starehe yenyewe nayo ilikuwa na uvunguni kwake. Kusini mwa Tehran kulikuwa na Shahr-e No, mtaa wa madanguro uliozungushiwa ukuta. Mpiga picha Kaveh Golestan aliingia humo katikati ya miaka ya 1970 na kutoka na picha za wanawake waliochoka, kwenye vyumba ambavyo hata ukikohoa jirani anasikia. Hizo hazisambazwi pamoja na za sketi fupi.

Halafu kuna Cinema Rex. Tarehe 19 Agosti 1978, usiku wa Ramadhani, jumba hilo la sinema mjini Abadan lilichomwa moto milango ikiwa imefungwa. Walioteketea ni zaidi ya watu 370. Umma uliwatupia SAVAK lawama palepale, na hasira hiyo ikawa petroli ya Mapinduzi ya Kiislamu ya 1979; baadaye ushahidi ulielekea zaidi kwa watu wa upande wa dini. Wanaopinga picha za zamani hulitaja tukio hili kama kielelezo cha nchi iliyokuwa inapasuka, wenye mini huku na wenye msikiti kule.

Lakini hebu tuulize swali ambalo polisi wa upelelezi angeanza nalo: ndani ya Cinema Rex walikaa akina nani? Abadan ni mji wa kiwanda cha kusafisha mafuta. Waliokuwa kwenye viti vile usiku ule ni watu wa mji huo, wazazi, vijana, wengine wamefutari nyumbani wakatoka kwenda kutazama filamu ya Kiirani. Hao si watoto wa matajiri wa kaskazini mwa Tehran. Huo ukuta tunaoambiwa ulizitenganisha Iran mbili ulikuwa na milango mingi, na mingi kati yake ilikuwa milango ya sinema.

Chukua barabara ya Lalehzar, iliyokatwa zama za Naser al-Din Shah, ambayo kufikia katikati ya karne ya 20 ilikuwa imejaa majumba ya tamthilia, sinema na kumbi za muziki. Leo ni barabara ya wauza taa na nyaya za umeme. Waliokuwa wakiijaza hawakuwa mabalozi. Walikuwa wafanyakazi, askari wa likizo, watu wa bazari, wahamiaji wapya kutoka mikoani. Mmoja wa nyota wao alikuwa Mahvash, mwimbaji aliyetoka Borujerd na kukulia kwenye dhiki, mwenye nyimbo za utani mzito na mabega yasiyotulia. Wasomi walimdharau. Watu wa redio walimkwepa. Alipokufa kwa ajali ya gari mwanzoni mwa 1961, umati uliojitokeza kumzika uliwashangaza hao hao waliokuwa wakimcheka. Mahvash hakuvishwa na Paris, na sioni ni kwa hesabu gani anaweza kuitwa zawadi ya Shah kwa wananchi.

Au chukua zile filamu ambazo wahakiki waliziita filmfarsi kwa kejeli, na nyingine wakaziita za abgoosht, mchuzi wa nyama na dengu unaoliwa na kila mtu. Ile iliyovunja rekodi mwaka 1965, Ganj-e Qarun, inamhusu tajiri aliyechoka kuishi akajitupa mtoni, akaokolewa na kijana maskini mwenye furaha zake, aliyechezwa na Fardin. Anamkaribisha kwao, anamlisha hicho hicho chakula cha mkono. Hadithi nyepesi, ndiyo. Lakini ni hadithi ambayo maskini anamfundisha tajiri namna ya kula, na watu walipanga foleni kuiona.

Sasa turudi kwenye ile 35 kwa 100.

Mhadhiri anaitumia kuonyesha kwamba wanawake 65 waliobaki hawamo kwenye picha. Kweli, kwenye picha ya sketi hawamo. Lakini mtu asiyejua kusoma anaburudika kwa kitu gani? Hawezi kuburudika kwa riwaya, wala kwa jarida la mitindo. Kwake burudani huingia kwa sikio na kwa jicho. Redio Tehran ilianza mwaka 1940, na redio ndogo za betri zilipoenea sauti ikafika mahali ambapo nguzo ya umeme ilikuwa haijafika. Mwaka 1956 Davud Pirnia alianzisha vipindi vya Golha, vilivyoendelea mpaka Mapinduzi, vikichanganya muziki wa asili na ushairi wa Hafez, Saadi na Rumi. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika kalamu aliweza kumsikia Marzieh au Delkash akiimba beti za miaka 700 nyuma huku yeye anachambua mchele.

Sinema ilikuwa hivyohivyo. Filamu ya kigeni yenye maandishi chini ya picha ingemwacha nje yule asiyesoma, kwa hiyo Wairani wakajenga ufundi mkubwa wa kutia sauti za Kiajemi. Wamarekani, Wahindi na Waitaliano wote walizungumza Kiajemi safi, tena chenye utani wa mitaani wa Tehran, na mpaka leo wazee wanawataja watia sauti kwa majina kama wanavyotajwa wachezaji wa mpira. Kazi ile ilifanywa kwa kumfikiria nani, kama si hao 65?

Hapa ndipo takwimu inapogeuka. Inathibitisha kwamba shule ziliwafikia wachache. Haithibitishi kwamba burudani iliwafikia wachache. Nchi ambayo wanawake wengi hawajui kusoma ndiyo nchi ambayo kufunga redio, jukwaa na sinema kunaumiza watu wengi zaidi, kwa sababu kitabu cha kukimbilia hawana. Nakubali kuna kupunguza hapa: wako baba wengi ambao binti zao wasingekanyaga sinema hata kama iko mlango wa pili, na kumbi za Lalehzar usiku zilijaa wanaume kuliko wanawake. Redio, hata hivyo, haikuhitaji ruhusa ya kutoka nje.

Baada ya 1979 kilichotokea hakikuwa kuifuta starehe. Aliyedhani inawezekana hawajui binadamu. Ilihamishwa tu, ikatolewa barabarani ikaingizwa ndani ya nyumba. Kumbi zilifungwa, sauti ya mwanamke peke yake ikaondolewa jukwaani na hewani, na hata sataranji ikapigwa marufuku mpaka Ayatollah Khomeini, kiongozi wa Mapinduzi, alipoiruhusu mwaka 1988. Katika miaka ya 1980 video ilikuwa haramu, basi akazaliwa mtu wa kanda: kijana anapita nyumba kwa nyumba na mkoba kama wa wakili, ndani yake filamu za Hollywood na za Fardin. Madishi yakakatazwa kwa sheria mwaka 1995, na paa za Tehran zikaendelea kuchanua madishi. Tuseme pia kwa haki kwamba nchi ilikuwa vitani na Iraq miaka minane, misiba kila mtaa, na ngoma wakati wa matanga ni jambo ambalo hata sisi tungelikemea.

Lakini angalia uhamisho huo umemnufaisha nani. Tiketi ya sinema ya mtaani ilikuwa bei ya mtu wa kibarua. Sherehe ya siri inataka nyumba yenye nafasi, yenye kuta nene na jirani asiye na kinyongo. Inataka gari la kuwafikisha wasichana salama, na noti za kumtuliza mgambo akigonga mlango. Mwenye vila nje ya mji anacheza mpaka alfajiri. Binti wa kusini mwa Tehran, chumba kimoja na wazazi na wadogo zake, atachezea wapi? Simtetei mlevi, lakini hata pombe imeingia kwenye mpango huu: tajiri anapata ya magendo iliyofungwa vizuri, maskini anapata ya kupikwa kichochoroni yenye methanoli, na mwaka 2018 makumi ya watu walikufa kwayo ndani ya wiki chache tu. Wakosoaji wanasema furaha ya enzi za Shah ilikuwa ya tabaka la juu. Mimi naona katazo ndilo lililoikabidhi furaha kwa tabaka la juu, kwa hati miliki kabisa.

Starehe moja ilibaki barabarani. Usiku wa mwisho wa Jumanne kabla ya Nouruzi, mwaka mpya wa Kiajemi, watu bado wanawasha moto na kuuruka, wakubwa wa dini wanune wasinune. Watu wa Makunduchi, wanaochoma kibanda na kutandikana kwa migomba siku ya Mwaka Kogwa, wataelewa bila kufafanuliwa kwa nini jambo kama hilo haling'oki. Mila yao wenyewe inahusishwa na mwaka huohuo wa Kiajemi.

Kuna swali la sauti ya mwanamke, ambalo ndilo zito kuliko sketi. Mwaka 1924 Qamar-ol-Moluk Vaziri alipanda jukwaani kwenye Grand Hotel, Lalehzar, akaimba mbele ya wanaume na wanawake bila kujifunika. Miaka minne baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi, na ni Bombay hiyohiyo ambako mwaka 1933 ilitengenezwa filamu ya kwanza ya Kiajemi yenye sauti, mwanamke akiwa mhusika mkuu. Bahari yetu ilikuwa inasikika upya, ng'ambo zote mbili. Sasa mkosoaji atauliza, na ana haki: hao waimbaji walitendewaje? Qamar alikufa mwaka 1959 akiwa fukara. Googoosh alipandishwa jukwaani na baba yake, msanii wa sarakasi, akiwa mtoto mdogo kabisa. Jamii iliwapenda na kuwadharau kwa pumzi moja. Baba aliyelipa kumsikiliza Hayedeh angemkatalia mwanawe kumwoa mwimbaji. Yote kweli. Ila dawa ya dharau hiyo haikuwa kuwanyamazisha. Googoosh alikaa Tehran kimya miaka 21, mpaka alipotoka na kuimba Toronto mwaka 2000. Hayedeh alikufa California mwaka 1990. Na Desemba 2024 Parastoo Ahmadi aliimba ndani ya karavansarai ya kale, yaani nyumba ya wasafiri wa jangwani, nywele wazi, mbele ya viti visivyo na watu, akairusha mtandaoni; akakamatwa, kisha akaachiwa.

Hoja nzito kuliko zote za upande wa pili ni sinema na shule, na hapa natoa nusu ya uwanja. Mwaka 1998 wanawake walivuka nusu ya wanaoingia vyuo vikuu. Familia nyingi za dini zilizomzuia binti kwenda shule ya Shah zilimruhusu kwenda ya Jamhuri, kwa sababu sasa mazingira waliyaamini. Na wanawake wanaojua kusoma leo ni zaidi ya 80 katika 100. Khomeini mwenyewe, siku aliyorudi, tarehe 1 Februari 1979, alisema hawapingi sinema bali uchafu wake. Na filamu za baada ya hapo zimeishangaza dunia: Abbas Kiarostami alitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1997, Asghar Farhadi akachukua Oscar mwaka 2012 na tena 2017, na Rakhshan Bani-Etemad akasimama nyuma ya kamera kwa namna ambayo wanawake wachache sana kabla yake walipata. Mafanikio hayo si bandia. Naongeza tu kwamba Kiarostami alianza kazi ya filamu mwaka 1970 katika taasisi ya malezi ya watoto, Kanoon, iliyoundwa 1965. Mti ulipandwa kabla. Tena filamu inayoshinda Cannes si badala ya filamu ya Fardin. Ya kwanza inampa heshima mtu wa sherehe za filamu, ya pili ilimpa fundi wa gereji kicheko cha Alhamisi jioni. Na yule mwanamke mwenye shahada, ambaye bibi yake hakujua kusoma, anakatazwa kuimba peke yake mbele ya hadhira yenye wanaume.

Wapenzi wa zamani nao wana jicho moja lililofumba. Katika kanda wanazozitunza kuna tamthilia za ru-howzi, zilizochezwa juu ya mbao zilizofunika bwawa la ua wa nyumba kwenye harusi. Mchekeshaji wake mkuu ni mtumishi aliyepakwa masizi usoni, mwenye matamshi yaliyopinda. Wapo wanahistoria wanaomhusisha na Waafrika waliopelekwa utumwani Uajemi, wengine kutoka pwani yetu hii, na wapo wanaokataa. Utumwa ulifutwa kisheria nchini humo mwaka 1929 tu, na kizazi cha watu hao kiko Hormozgan na Bushehr mpaka leo, na ngoma zao. Mtu anayelia kwa furaha akimwona mchekeshaji yule mweusi hana budi kusikia pia sisi tunaona nini. Na Tamasha la Sanaa la Shiraz, 1967 hadi 1977, ambalo huingizwa kwenye kapu la fahari, lilileta wasanii wa majaribio kutoka Ulaya na Marekani kwa fedha za serikali. Mashabiki wa Mahvash hawakualikwa. Likisifiwa, lisifiwe kwa kuirudisha taaziya jukwaani, ile ambayo baba wa Shah aliizuia.

Kinachowatisha wakosoaji, bila shaka, ni siasa. Katika maandamano ya mwisho wa 2017 ilisikika kaulimbiu ya kumwombea Reza Shah roho yake ipumzike, na wapo wanaotaka kuzitumia picha hizi kama tangazo la kumrudisha mrithi wa ukoo huo. Hofu hiyo naielewa. Ila sikiliza pia ya mwaka 2022, baada ya kifo cha Mahsa Amini, msichana aliyekufa baada ya kukamatwa na polisi kwa ajili ya hijabu. Wimbo uliovuma kuliko yote, wa Shervin Hajipour, aliutunga kwa kuunganisha sababu zilizoandikwa mtandaoni na watu wa kawaida kueleza wanachodai. Siku chache baada ya kuutoa akakamatwa. Sababu ya kwanza kabisa katika wimbo huo ni kucheza dansi kichochoroni, nje, mbele za watu. Zinafuata za umaskini, hewa chafu, watoto wa Kiafghani, wanafunzi. Mfalme hatajwi popote. Kama wakosoaji wanataka kuwanyima wafuasi wa taji silaha hii, waache kuwakabidhi Lalehzar yote kana kwamba Shah aliijenga kwa mkono wake. Waseme wazi kwamba Mahvash, watia sauti na viti vya Cinema Rex vilikuwa mali ya watu waliolipa tiketi.